Vidole Viwili Chini ya Madigadi

Jumapili, 12 Novemba 1972

Daftari hili si langu. Ni la binti yangu Mwamvita, la zamani alipokuwa darasa la saba, na kurasa zake za mbele zimejaa maarifa ya nyumbani: namna ya kuchemsha maji, namna ya kufua nguo za mtoto. Mimi nimeligeuza, naanzia nyuma, kama mgeni anayeingia kwa mlango wa uani. Naandika kwa sababu mke wangu Kuluthumu amesema nikiendelea kumsimulia yeye kila ninachowaza, atahamia kwa dada yake Kigoma.

Mimi ni Lukumani, fundi saa wa hapa Isevya, mjini Tabora. Umri wangu miaka arobaini na tisa, tumbo langu miaka sitini. Nina gari. Hilo nalisema kwa sauti ya chini, maana siku hizi mwenye gari huitwa naizi, yaani bwana mkubwa, hata gari lenyewe likiwa Cortina kuukuu ya rangi ya maziwa yaliyolala, yenye magurudumu madogo ya inchi kumi na tatu na tumbo lililo karibu na ardhi kuliko langu.

Leo imekuja barua ya Mwamvita. Mimba yake ina miezi sita. Anafundisha kijiji cha ujamaa cha Tumaini, maili kumi na moja kutoka stesheni ya Kigwa, na mumewe Abbasi ni bwana shamba huko huko. Mwaka jana pia alikuwa na mimba. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama yake binti, kwa hiyo wakati ulipowadia wakampandisha kwenye trela la trekta, ndilo lililokuwepo, wakavuka naye mbuga wakati wa mvua. Sisi tulikuwa stesheni ya Tabora tunamsubiri na maua. Badala yake tukaenda Kigwa kumzika mtoto.

Nimeweka nadhiri. Safari hii nitamfuata mwenyewe, na kiti cha nyuma cha Cortina hakikaliwi na mtu yeyote mpaka akikalie yeye.

"Na mimi nikitoka sokoni?" Kuluthumu akauliza.

"Utakaa mbele."

"Na mkungu wa ndizi?"

"Utaupakata."

Alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke huyu hajui uzito wa nadhiri.

Jumatano, 15 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati zima lilikuwa ngoma. Nililala mchana mezani, lenzi ya kufanyia kazi ikiwa bado jichoni.

Jumamosi, 18 Novemba

Leo nimeijaribu njia. Kufika Kigwa nimefika, ingawa kwa dua. Nikasema niingie kidogo katika njia ya Tumaini, nione. Sikwenda hata nusu maili. Udongo mweusi ulilipokea gari kama mtu anayempokea ndugu yake aliyepotea siku nyingi. Tumbo likakaa chini, magurudumu yakazunguka bure, nami nikabaki natazama vyura. Wachunga ng'ombe wawili walinisukuma huku wakicheka kwa adabu.

Jioni nikampelekea gari Damas. Damas ni fundi magari, mtu wa kanisani, mnene, wa maneno machache; mimi na yeye tunaitana kwa kazi zetu.

"Fundi Saa," akasema, akipapasa chini ya gari, "umekwenda kulima?"

"Nataka liinuke, Fundi Magari. Nifike Tumaini mwezi wa kwanza."

Akaingiza vidole vyake baina ya tairi la nyuma na madigadi, lile bati la juu yake, kama daktari anayetafuta homa. Kipimo chake ni hicho, sijapata kumwona na rula. "Nafasi ipo. Tafuta magurudumu ya inchi kumi na nne. Misheni wana gari dogo bovu, rimu zake ni za chuma, nyembamba, matundu manne kama yako. Watakupa hata bure. Zikishafungwa, mimi nabaki na vidole viwili vya nafasi. Gari likiwa na watu wake, nisipopata vidole viwili, halitoki hapa."

Nimelala nikiwa na furaha.

Jumanne, 21 Novemba

Nisingekwenda kwa Eustace leo, mambo yangekuwa mepesi.

Eustace ni karani wa ghala la tumbaku, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Nilimpelekea saa yake ya mkono. Nyuma ya marobota ya tumbaku, juu ya gunia, nikaona kitu kinang'aa. Rimu nne za alumini. Inchi kumi na nne. Kila moja ina mikono minane inayotoka katikati kama miale ya jua kwenye picha za watoto. Ziliachwa, akasema, na kijana wa duka la vitambaa aliyekuwa akishindana mbio za magari kabla hajahamia ng'ambo.

Niliinua moja. Ilikuwa nyepesi! Nikadhani nimeinua sinia. Nikatia lenzi jichoni na kuinamia ule mng'ao, na humo ndani nikauona uso wangu, mdogo, na nyuma ya uso wangu mlango wa ghala, na nyuma ya mlango barabara nyekundu inakwenda mashariki. Babu wa baba yangu aliingia Tabora akitokea Manyema na mzigo kichwani. Alikuwa mpagazi. Akapita tena na tena njia ile ile, Tabora, Kigwa, mpaka pwani, kwa miguu yake. Nikafikiri, laiti angeyaona haya.

"Lukumani," Eustace akasema, "unaibusu au unaitengeneza?"

Jumatano, 22 Novemba

Nimeota rimu nane. Zinapanda angani kama miezi, hazina gari.

Jumamosi, 25 Novemba

Damas alikuja nami ghalani kuziangalia. Akazipima matundu, akagonga moja kwa kucha, ikalia kama glasi. Tukatoka nje.

"Ni nzuri," akasema. "Ni pana. Za chuma ni nyembamba, zinaingia ndani kwa amani. Hizi zinatoka nje kidogo, zinajongea ukingo wa madigadi."

"Lakini zinaingia?"

"Zinaingia. Ila hapo tairi lazima tulichague kwa akili. Wewe unakwenda mbugani, Fundi Saa, huendi harusini."

Nikamwambia kwamba namfuata binti yangu wa pekee, na kwamba kwangu mimi hiyo ni zaidi ya harusi. Damas akavua kofia, akajikuna, akaivaa. Nilimwona mtu mzito asiye na ndoto. Naandika hivyo ili nije nikumbuke.

Eustace hakutaka pesa. Alitaka saa yangu ya ukutani, ile ya baba, yenye pendulamu ya shaba na mlio kama wa mtu anayegonga mlango kwa heshima. Nilimpa. Nyumba ya fundi saa imebaki haina saa, maana zilizopo mezani ni za watu, na zote zimesimama. Ndiyo maana ziko mezani.

Jumapili, 26 Novemba

"Baba Mwamvita," Kuluthumu ameniuliza asubuhi, "saa ngapi?"

Ameniuliza tena adhuhuri. Ameniuliza tena alipokuwa akisonga ugali, na jirani yupo.

Jumatatu, 4 Desemba

Rimu bila tairi ni sinia kweli. Mdogo wangu Nassibu, aliyeko Dar es Salaam, ameandika kwamba tairi za kuingia rimu hizi zipo huko za aina mbili. Zote pana. Bega, yaani ubavu wa tairi, la moja ni fupi, la nyingine refu. Nimjibu haraka kwa simu ya maandishi.

Damas alichukua chaki akachora sakafuni. Duara dogo, ndani ya duara kubwa. "Hili gurudumu lako la zamani. Sasa rimu imekua." Akafuta duara la ndani, akachora lililo kubwa zaidi, lile la nje akaliacha. "Umeona? Rimu ikikua, tairi lipungue bega. Gurudumu zima linapanda kidogo tu, unapata mwinuko wa kukutosha, na mimi napata vidole vyangu viwili. Ukikuza rimu, ukakuza na tairi, gurudumu linaota mpaka dari. Mwandikie Nassibu: fupi."

Akaniandikia mwenyewe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nisije nikamsumbua tena: FUPI.

Nikaenda nayo posta. Njiani mvua ilinyesha, nikajibanza kwenye baraza ya duka, nikatazama maji mekundu yakipita barabarani, na ndani yake nikaona ule udongo wa Tumaini umekumbatia tumbo la gari. Nikaona trela. Mbele ya dirisha la posta niliitoa karatasi. Kisha nikakata neno la Damas, nikaandika juu yake: NDEFU.

Karani akanitazama. "Hili tu?"

"Hilo tu," nikasema, na sauti yangu haikunipendeza.

Jumamosi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mwenyekiti wa tawi la chama alitaka Cortina ibebe wazee watatu kwenye maandamano. Nikamweleza nadhiri. "Wakae mbele," nikasema. "Watatu?" akauliza. Wakatembea. Mmoja aliponipita alisema, "Asante kwa kutufanyisha mazoezi."

Jumatano, 20 Desemba

Tairi hazijafika. Mvua haikatiki. Kila treni ya Dar ikipiga honi, nakwenda stesheni na mwavuli, narudi na mwavuli.

Jumatano, 3 Januari 1973

Zimefika! Nyeusi, zina harufu ya dukani, zimefungwa magazeti. Damas alipozifungua akapima bega la moja kwa kiganja.

"Hizi ndefu," akasema.

Hapa, daftari, ningeweza kusema ukweli. Fundi alikuwa amesimama mbele yangu na magazeti mkononi. Badala yake nilisema, "Ah! Nassibu huyo. Tangu utotoni hasikii vizuri."

Hata hivyo amezifunga. Jeki ikashuka, Cortina ikasimama. Ee Mola! Imekuwa kama msichana aliyevaa viatu vya visigino kwa mara ya kwanza. Watoto wa Isevya wamejaa uani kujitazama kwenye alumini. Kuluthumu ametoka, ameizunguka mara moja, kanga imefungwa kiunoni, akasema, "Saa yetu imependeza sana." Kisha akaniletea chai, na sukari alizidisha, kwa hiyo sijui kama amekasirika.

Damas aliingiza vidole nyuma. Kidole kimoja na nusu.

"Sasa," akasema, "waite watu. Watatu nyuma, na mzigo kwenye buti. Nataka nione likilala."

"Haiwezekani, Fundi."

"Dakika mbili."

"Nadhiri ni nadhiri. Hata dakika mbili."

"Basi magunia ya mchanga juu ya kiti."

Nikafikiri. Kwa kweli nilifikiri. Lakini nilikuwa nimekifua kile kiti kwa sabuni na karafuu, na moyo wangu ulikuwa umeshakiona kimekaliwa na Mwamvita. Nikasema kiti hakiguswi. Damas alifuta mikono yake kidole kimoja kimoja, muda mrefu.

"Sawa," akasema. "Ila nimesema."

Ijumaa, 5 Januari

Nimeliendesha peke yangu mpaka nje ya mji na kurudi. Halikugusa kitu chochote. Madimbwi yote nimeyapita kama ndege. Nikawa naimba.

Jumatatu, 15 Januari

Jana ilikuwa Idi. Mwamvita ameandika: "Baba, njoo Jumamosi. Miguu imevimba kidogo, lakini usimwambie Mama." Nimemwambia Mama kabla sijamaliza kuisoma.

Jumatatu, 22 Januari

Nayaandika ya Jumamosi leo.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na Kuluthumu, yeye mbele. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila upepo. Kigwa tukaipita, tukaingia mbuga, na gari likapita. Pale nilipokuwa nimezama na vyura lilipita kama halijui kuna udongo. Nilimtazama Kuluthumu kwa pembe ya jicho. Akasema, "Haya, nimeona. Tazama mbele." Kwangu hilo ni hotuba.

Tumaini walitupokea kwa vigelegele. Mwamvita alitoka nyumbani akiwa ameshika kiuno. "Shikamoo Baba. Shikamoo Mama." Nikaitikia marahaba. Akaizunguka Cortina na tumbo lake, akajiona kwenye rimu, akacheka: "Baba, hapa nimekuwa mnene zaidi!"

Kisha wakaanza kupakia. Huwezi kuondoka Tumaini mikono mitupu na mjamzito wao. Mayala, mwenyekiti wa kijiji, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimamia mwenyewe: gunia la mpunga, gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, debe la asali, karanga, kuku sita. Nikasema inatosha. "Mzee," akasema, "hiki ni kidogo. Gari lako limekuwa refu, lina nguvu." Nyuma wakakaa Mwamvita, Kuluthumu na Abbasi, aliyetaka kutusindikiza hadi stesheni. Nadhiri ilikuwa imetimia, na nilitoka pale nimevimba kifua.

Maili moja. Nikasikia mlio, krrr, kila tulipoingia shimo. Nikasema ni matope yamekauka. Maili ya pili, mlio ukawa haukomi. Kuluthumu akasema, "Kuna kitu kinaungua."

"Ni udongo."

"Udongo hauungui, Baba Mwamvita."

Maili ya nne, katikati ya mbuga, mlipuko. Mwamvita akapiga kelele akashika tumbo.

Niliposhuka nikaona yote kwa mara moja. Mzigo na watu wameilaza Cortina, na yale mabega marefu yamepanda ndani ya madigadi, chuma kimeyachonga maili nne nzima kama kisu kinavyochonga penseli. La kushoto limepasuka. La kulia nyuzi zake zimeonekana nyeupe, ziko uchi. Nilikuwa na gurudumu moja la akiba, la zamani, dogo. Na huko mashariki mawingu yalikuwa yamepanga mstari.

"Baba," Mwamvita akasema, sauti ndogo kama ya darasa la kwanza, "kunabana hapa chini."

Naomba niandike ukweli: sikufanya lolote. Nilisimama na spana mkononi, nikaona trela, nikaona Kigwa ya mwaka juzi. Aliyefanya ni Kuluthumu. Aliteremka matopeni, akavua viatu, akafungua buti.

"Abbasi, funga gurudumu dogo huko kushoto. Wewe, Mwamvita, njoo ukae mbele, nyuma kuwe kutupu. Kila kitu kitoke. Kuku, asali, kila kitu." Akanigeukia. "Na wewe piga honi. Usiache."

Nikapiga honi. Siku ile watu wa Tumaini walikuwa wakipalilia shamba la kijiji ng'ambo ya mbuga, na Mayala alikuwa ameshawafikia kwa njia ya mkato. Sauti ya honi ikawafikia. Wakaja na majembe begani, watu kumi na wanne, Mayala mbele.

"Mzee, gari limechoka?"

"Limeshiba," Kuluthumu akamjibu. "Tupunguzieni."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Gunia likapanda kichwani kwa huyu, debe kwa yule. Kuku wakapewa wanawake wawili. Abbasi akajitwika lile gurudumu lililopasuka, rimu inang'aa juu ya kichwa chake kama taji. Mayala akakata fimbo akatangulia, anapima udongo, anasema kulia, anasema kushoto. Nami nikafuata kwa mwendo wa mtu, Mwamvita kando yangu, gari limeinama upande kama mlevi, lakini hakuna kilichokuwa kikigusana.

Maili saba. Mvua ndogo ilianza, ile inayoanguka kama inafikiri. Mayala akaanzisha wimbo wao wa kulimia, wengine wakaitikia, na nyayo zikaingia ndani ya wimbo. Nikatazama kioo. Kioo chote kilikuwa watu: mstari mrefu, mizigo kichwani, kwenye njia ile ile, wakienda Kigwa. Sikuwa nimelala. Walikuwa wakitembea wanaume wa zamani ndani ya wanaume hawa, wakiingia na kutoka, na sikuweza kusema mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Miongoni mwao alikuwepo mke wangu, miguu peku, gunia la michembe kichwani, shingo imenyooka. Miaka ishirini na sita nimeishi na shingo ile na sikuwahi kuiona.

"Baba, unalia?"

"Ni vumbi."

"Baba, mvua inanyesha."

Akacheka, na akicheka ule mbano ukamwachia. Ulirudi mara mbili, ukaondoka. Tuliingia Kigwa kabla ya treni. Tulipopita makaburi, wimbo uliteremka, kisha ukapanda tena. Msimamizi wa stesheni alikubali kuliangalia gari. Watu wa Tumaini walipakia mizigo kwenye behewa, wakafuta jasho, wakaanza kurudi kwenye jembe lao. Nilikuwa nimewaita watu wa Mwamvita. Sikuwahi kuwaita watu wangu, kama Damas alivyotaka.

Ndani ya treni, binti yetu amelala kwenye mapaja ya mama yake, Kuluthumu akaniambia kwa sauti ndogo, "Nadhiri ulimwekea mtoto, au ulikiwekea kiti?"

Nikageuza uso dirishani. Mpaka leo natafuta jibu.

Jumatano, 24 Januari

Nimekwenda kwa Damas. Nikamwambia: Nassibu hakukosea. Mimi ndiye niliyekata neno lako.

Alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. "Najua," miguu ikasema.

"Unajua?"

"Karani wa posta ni shemeji yangu. Jioni ile ile aliniambia."

"Na ukanyamaza? Ukazifunga?"

Akatoka chini ya lori, akaketi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Sikunyamaza. Nilikwambia waite watu. Nilikwambia mchanga. Mtu anayetaka kitu namna ile, Fundi Saa, hazuiwi kwa maneno. Nilitaka ulione mwenyewe hapa uani kwangu, mahali pakavu, huku tunacheka."

Kesho, naiandika kama ahadi, atakwenda Kigwa kwa treni na magurudumu ya zamani, alete gari. Nilimwita mtu asiye na ndoto. Nimekwenda kuusoma tena ukurasa ule, na nimeuacha kama ulivyo.

Jumamosi, 3 Februari

Eustace hataki kurudisha saa. Amesema inagonga vizuri, na mke wake ameizoea. Nimestahili.

Jumamosi, 17 Februari

Mtoto wa kiume! Nyumbani, chumba cha uani, mikononi mwa mkunga wa hapa mtaani, mchana kweupe, mama mzima, mtoto mzima, sauti kama ya Mayala. Nilikuwa nje nikizunguka mti wa mpapai.

Mkunga akatoka akauliza ni saa ngapi, aandike kwenye kadi. Nikakimbilia mezani. Nyumba ya fundi saa, saa mbovu kumi na moja mezani, hakuna hata moja inayotembea. Ndipo treni ya Kigoma ikapiga honi. "Andika saa ya treni," Kuluthumu akasema kutoka ndani. Tukaandika. Baadaye tumeambiwa treni ya leo ilichelewa sana, na hakuna ajuaye ilichelewa kwa kiasi gani.

Alhamisi, 29 Machi

Arobaini imeisha, na mtoto amepewa jina Nassibu, la mdogo wangu, ambaye nilimsingizia uziwi. Leo anarudishwa kwa baba yake. Mbuga bado mbichi.

Damas alipata tairi za bega fupi, mbili Mwanza na mbili hapa hapa. Amezifunga kwenye zile zile rimu za alumini, ambazo moja ina mkwaruzo mrefu. Niliposema basi tuweke za chuma za misheni, alikataa. "Ulizipenda," akasema. "Tuzifanye zifae."

Kisha akaniangalia, na nikajua ninachotakiwa kufanya. Nikatoka barazani, nikaita mtaa mzima.

Wakaja. Mwenyekiti wa tawi, wale wazee watatu wa Uhuru, jirani na mtoto wake. Nikawafungulia mlango wa nyuma mwenyewe. Wazee watatu wakajibana kwenye kiti chenye harufu ya karafuu. "Hatimaye!" mmoja akasema. "Nimeshatembea kwa miguu sana kwa ajili ya wenye magari." Mwenyekiti na jirani wakakaa juu ya buti. Cortina ikalala, ikapumua. Damas akapiga magoti, akaingiza mkono.

Wazee wakachungulia dirishani.

"Vidole viwili," akasema.

Akanishika mkono akauvuta chini ili nami nijaribu. Kimoja. Viwili. Viliingia, tairi halikugusa kokote, na juu ya vidole vyangu niliisikia ile baridi ya chuma cha madigadi, pale kilipokwaruzwa.

Wazee wakateremka kwa manung'uniko, wakitaka wazungushwe mjini kwanza. Mwamvita akaingia, akapokea mtoto. Kuluthumu akaketi kando yake, akatandaza kanga, akatazama kulia na kushoto kama abiria anayemsubiri dereva mvivu.

"Baba Mwamvita," akaniita, "saa ngapi?"

"Saa ya kuondoka," nikasema, nikawasha gari.